Mama Juu na Vipanga wa Ghorofani

Mke wangu anaendesha winchi, zile ndefu za kujengea maghorofa, zenye nguzo moja ya chuma na mkono mrefu uliolala juu yake. Pale nguzo inapokutana na mkono kuna kijumba cha vioo. Ndani yake kuna kiti kimoja, vishikio viwili na redio ya kuongea na watu wa chini. Kile kijumba ndicho ofisi yake. Mimi ni mwokaji mikate, duka langu liko ng'ambo ya barabara tu, na wateja nikiwaonyesha kwa kidole kule juu alipo mke wangu, wengine hudhani nimefiwa. "Pole sana, ndugu yangu," mmoja aliniambia, akavua na kofia. Ikabidi nimwelekeze vizuri kwamba marehemu yuko hai na ananyanyua nondo.

Alianza kazi hiyo kama mfunga mizigo, yule anayesimama chini akifunga mnyororo kwenye ndoano na kutoa ishara kwa mikono. Dereva wa zamani alipostaafu, wakatafuta mtu mwenye macho makali na moyo usio na papara. Wanaume kadhaa wakajaribiwa. Mmoja alifika katikati ya ngazi, akaikumbatia, akagoma kupanda na akagoma kushuka, ikabidi akatolewe kama paka juu ya paa. Mke wangu alipanda, akakaa kidogo, akashuka, akauliza, "Kesho naanza saa ngapi?" Tangu siku hiyo mafundi wakamwita Mama Juu. Mimi nikipanda kiti kubadilisha taa, naomba nishikiliwe. Mungu hagawi kwa mizani.

Kamera alipewa na kaka yake mkubwa. Shemeji huyo alikuwa akipiga picha za harusi mpaka akachoka kulaumiwa kwamba kawanenepesha watu. Akaacha, akaingia biashara ya mbao. "Chukua, utawapiga watoto," alimwambia dada yake. Ilikuwa kamera nzuri yenye lenzi moja fupi, fupi kama kikombe cha chai.

Watoto hawakupigwa. Walilalamika sana, hasa mkubwa wetu anayependa kujitazama, lakini mama yao akishuka na kamera ndani yake mna mawingu, mvua inayotembea upande wa pili wa mji kama pazia, na ndege. Ndege wengi. Picha moja ilikuwa ya kundi la yangeyange wakipita chini ya winchi asubuhi, weupe juu ya mapaa mekundu, mabawa yote yamefunguka. Niliitazama muda mrefu nisijue kwa nini inanisumbua, ndipo nikang'amua: sikuwahi kumwona yangeyange kwa juu. Sisi wa chini tunayajua matumbo ya ndege. Mke wangu anaijua migongo yao.

Nikaisafisha picha ile kwa fundi, nikaibandika dukani juu ya rafu ya mikate. Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa kila siku, aliiona, akasogea, akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Hii kaipiga nani?"

"Mama watoto."

"Akiwa wapi? Kwenye ndege?"

"Akiwa kazini."

Mwalimu aliondoka akasahau mkate juu ya kaunta. Jioni alirudi, lakini hakurudi kwa ajili ya mkate. Alitaka namba ya simu ya mke wangu. Alikuwa na kundi la watu wapenda picha za viumbe na miti, wanaotumiana picha kwa simu na kufundishana. "Hakuna hata mmoja wetu anayeishi kwa picha," alisema. "Yupo nesi, yupo dereva wa lori, yupo mshona viatu. Mimi mwenyewe nawafukuza vipepeo tu. Tunapenda, basi."

Siku ya kwanza mke wangu alituma picha ya kipanga. Alimpata akizunguka chini ya kijumba chake, mgongo wa rangi ya jivu, mabawa yamechongoka kama visu. Alikaa kitandani akisubiri, simu kaiweka juu ya goti. Majibu yakaanza kuja, na la kwanza lilitoka kwa kinyozi mmoja.

Huyu kinyozi alijulikana kundini kama Bwana Milimita, kwa sababu lenzi zote duniani alizijua kwa urefu wake, na alizitaja kama watu wengine wanavyotaja wachezaji wa mpira. Aliandika: "Dada, karibu sana. Lakini ndege huyu ni punje ya mtama. Kwa ndege unahitaji lenzi ya kuvuta mbali, milimita mia nne kwenda juu. Hiyo yako ni ya kupigia keki."

Mke wangu akageuza simu kifudifudi. "Basi," akasema. "Ndege wana wenyewe."

Nilitaka kwenda kwa kinyozi huyo usiku ule ule nikamnyoe mimi. Lakini simu ikalia tena, alikuwa Mwalimu: "Bwana Milimita, umehesabu milimita ukasahau kutazama. Ni nani hapa aliyewahi kupata mgongo wa kipanga angani? Anyooshe mkono." Hakuna aliyenyoosha. Nesi akaandika kwamba yeye angeiweka picha ile wodini wagonjwa wapate kupumua. Ikazuka vita ya lenzi iliyochukua siku kadhaa: wa lenzi ndefu upande mmoja, wa lenzi fupi upande mwingine, na dereva wa lori katikati akisema lenzi bora ni ile uliyo nayo wakati simba anapovuka barabara.

Na kinyozi, nimpe haki yake, hakuwa mtu wa kukatisha watu tamaa. Alikuwa na mdomo mrefu kama lenzi zake, lakini alifundisha bila choyo. Ndiye aliyemwambia mke wangu afungue dirisha la kijumba, maana "kioo kichafu, hata uweke lenzi ya mfalme, utapiga uchafu." Ndiye aliyemwambia asipige ndege wa mbali mchana, kwa kuwa hewa juu ya zege huchemka kama maji sufuriani na picha hutoka imeyeyuka, apige asubuhi, hewa ikiwa bado imelala. Alimfundisha kuiambia kamera ifumbe jicho upesi kuliko bawa linavyopiga. Mke wangu alisikiliza, akajaribu, akatuma tena. Punje ya mtama ikawa punje ya mtama iliyo safi, yenye manyoya unayoweza kuyahesabu.

Alikuwa na sheria zake mwenyewe vilevile, ambazo hakufundishwa na mtu. Kamera haitolewi mkobani mzigo ukiwa hewani. Kamera lazima iwe imefungwa kwa kamba kwenye kiti, kwa sababu kitu chochote kikidondoka kutoka kule juu, hata kifuniko cha lenzi, kwa mtu wa chini ni risasi. Kwa hiyo alipiga kabla ya kazi kuanza na wakati wa mapumziko, mashine ikiwa imezimwa.

Ni katika mapumziko hayo alipowaona tena vipanga. Jengo lilikuwa limekaribia usawa wa kijumba chake. Upande wa mawio ya jua, kwenye ukingo mpana wa ghorofa ya juu, mafundi walikuwa wameacha changarawe zilizomwagika. Kipanga hana kazi na vijiti. Huparua changarawe kidogo, akataga papo hapo. Jike lilikuwa limekaa pale, limetulia, na dume likija na njiwa kucha zikiwa zimemkaza. Kutoka chini usingeona kitu. Kutoka ndani ya jengo, ukingo ule ulifichwa na ukuta. Ni mtu mmoja tu katika mji mzima aliyekuwa na dirisha linaloutazama, naye ni mke wangu.

Furaha yake ilikatika alipokumbuka ratiba. Vioo vya madirisha vilikuwa vimekwisha kufika, na vingeanza kufungwa upande huohuo. Kabla ya vioo, ukingo ungefagiwa. Na mtu wa kuvinyanyua vioo hivyo hadi pale angekuwa nani, kama si yeye?

Akamwendea msimamizi wa ujenzi, mtu mpana, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mashine. Akamwonyesha picha aliyoipiga kwa lenzi fupi.

"Mama, mimi naona changarawe," msimamizi akasema.

"Pale pembeni, bosi. Kwenye doa jeusi."

"Naona doa la changarawe."

"Huyo ni kipanga, analalia mayai. Tukianza upande ule tutamuua na watoto wake."

"Mama Juu, wewe ni dereva wangu bora, sikufichi. Lakini nikienda kwa wahandisi na doa, wataniuliza nimekunywa nini."

Jioni ile nilimkuta mezani hajala. "Ana haki," akaniambia. "Mimi mwenyewe ningeletewa lile doa ningesema ni doa." Akawaandikia wenzake kundini, akawaeleza mambo yote, akauliza afanyeje ili ndege aonekane kuwa ndege. Ushauri ukaja wa kila namna. Mmoja akasema aikate picha aikuze. Akaikata, doa likawa doa kubwa. Mwingine akasema atafute kipande cha kuongeza urefu wa lenzi. Kinyozi, mtu wa kwanza kujibu siku zote, safari hii akauliza tu kazi huanza saa ngapi.

Ieleweke kwamba kinyozi alikuwa na lenzi moja kubwa, nene kama paja la mtoto, aliyoinunua kwa kujinyima miaka. Na kauli yake ilijulikana na kila mtu: "Lenzi ni kama mswaki. Haiazimwi."

Asubuhi, mikate ya kwanza ndiyo kwanza inatoka, nikaona mtu mlangoni amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwenye taulo jeupe la kunyolea.

"Shemeji," akasema, "mama yuko wapi kabla hajapanda?"

Mke wangu akatoka nyuma ya duka. Kinyozi akalifungua taulo polepole, na pale akaanza kutoa wosia. Isiachwe juani. Isifutwe kwa nguo ya kazi. Isipulizwe kwa mdomo. Ikiguswa kioo na kidole, apigiwe simu mara moja.

"Inakula saa ngapi?" nikauliza.

Hakucheka. "Dada," alimwambia mke wangu, "nimekuita mpiga keki. Sasa kamlete huyo ndege."

Tatizo likawa namna ya kuipandisha. Mkoba haukuitosha, na kwenye ngazi ile lazima mikono yote miwili iwe kwenye chuma. Mke wangu akarudi nyumbani mbio, akaja na mbeleko iliyombeba kitindamimba wetu. Nikamfunga mimi mwenyewe, lenzi mgongoni, taulo na vyote, fundo kifuani na jingine juu yake. Mafundi langoni wakaanza kumpongeza. "Mama Juu, hongera! Wa kiume au wa kike?" Akawajibu, "Bado hajalia," akaanza kupanda.

Picha za siku ya kwanza zilikuwa balaa. Zote zimetikisika. Lenzi ndefu hukuza vitu viwili, kinyozi akaeleza: hukuza ndege, na hukuza mtetemo wa mkono wako. Na alipoilaza juu ya fremu ya dirisha ikawa vibaya zaidi, kwa kuwa chuma cha winchi hakitulii hata mashine ikizimwa. Upepo ukipita kinavuma ndani kwa ndani. "Ilaze juu ya mfuko wa maharage," akaandika. Tulidhani anatania. Hakuwa anatania. Maharage hupokea mtetemo yakaumeza, na lenzi hujichimbia pake kama kuku anayetaka kulalia.

Hapo ndipo nami nilipopata nafasi yangu katika historia. Nilichukua mfuko wa unga wa ngano uliokwisha, nikaukata, nikaushona kwa mkono, nikaujaza maharage makavu, nikafunga kwa mshono wa mara mbili. Mshono ulikwenda upogo kidogo, lakini kazi ulifanya. Watu wa kundi wakiutaja mfuko ule hadi leo huwa nanyamaza tu, nikisubiri mtu aseme nani aliushona.

Mayai yalikuwa yameanguliwa. Asubuhi ya pili, kabla jua halijapata nguvu, mke wangu alifungua dirisha, akaulaza mfuko, akailaza lenzi, akazuia pumzi. Picha aliyoshuka nayo ninayo kichwani kama picha ya harusi yetu. Jike la kipanga limesimama upande, jicho jeusi lenye pete ya manjano, na mbele ya miguu yake makinda watatu, weupe, wa mviringo, kama madonge ya unga yanayosubiri kuumuka. Mmoja kaufungua mdomo wote. Mwingine ana unyoya wa njiwa umeganda juu ya pua. Mama yao ameinamisha kichwa na kipande kidogo cha nyama kwenye ncha ya mdomo, kwa adabu kabisa, kama mtu anayelisha mtoto mgonjwa kwa kijiko.

Msimamizi aliichukua kamera, akasema "Haya, tuone." Akaisogeza karibu na macho. Akageuka akautazama ukingo kule juu, ambao kutoka chini ulikuwa ukingo tu.

"Hawa wako kwangu?"

"Wako kwako, bosi."

"Kwenye jengo langu? Sasa hivi?"

"Sasa hivi wanakula."

Akavua kofia yake ngumu akajikuna. "Wapangaji wa kwanza," akasema, "na hata mlango sijaweka."

Haikuwa rahisi vile, kwani wahandisi walikuwa na ratiba yao na vioo vilikuwa vimekaa uwanjani. Lakini msimamizi alikwenda na ile picha, na alikwenda pia na hoja ya fundi mmoja wa kuchomelea, aliyekuwa amepigwa kwenye kofia na kipanga dume alipochungulia karibu na ukingo, akashuka akiapa kwamba ameshambuliwa na jini. "Mkitaka mafundi wangu wapigwe vichwa huku wameshika vioo, semeni," msimamizi aliwaambia. Wakakubali kugeuza kazi: upande wa machweo uanze, upande wa mawio ungoje. Alirudi akapaza sauti chini ya winchi bila kutumia redio, na mimi nilimsikia hadi dukani: "Mama Juu! Waambie wale wako wakue upesi!"

Kuanzia hapo mambo yakawa ya watu wote. Kila mapumziko mafundi walijipanga kuangalia picha mpya. Walikuwa wanaume wagumu, mikono imejaa saruji, wakibishana ni kinda gani mlafi. Fundi wa kuchomelea ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote mtu akipiga kelele upande ule. Kundini, Mwalimu alieleza kila hatua: sasa manyoya ya kitoto yanatoka, sasa mabawa yanajaribiwa, sasa mama yao anawanyima chakula makusudi ili waone njaa watoke. Kinyozi alitoa ushauri wa mwanga mpaka akaishiwa. Makinda walipokuwa wakubwa na kuonekana vizuri, mke wangu alimrudishia lenzi yake ndani ya taulo lililofuliwa. Kinyozi aliikagua kioo kwa kioo, akaguna. Kwa mtu kama yule, kuguna ni kushangilia.

Juma la kuruka lilipofika, watu wa kundi walihamia mbele ya duka langu. Mwalimu na kiti chake cha kukunja, nesi akitoka zamu, kinyozi na lenzi juu ya miguu mitatu. Nikauza mikate kuliko kawaida, lakini sikujali biashara. Na mimi nilikuwa nimekaza shingo juu. Wawili wakaruka vizuri. Walianguka kwanza kama mawe, kisha hewa ikawashika na wao wakaishika, wakazunguka jengo wakipiga kelele za watoto waliotoka shule.

Wa tatu akangoja. Aliruka kazi ikiwa imepamba moto, upepo ukamtupa, akapapatika, akaanguka juu ya mkono wa winchi, karibu kabisa na kijumba, miguu ikishikilia waya unaovuta kigari kinachotembeza ndoano. Na kwenye ndoano kulikuwa na fungu zima la nondo, hewani.

Mke wangu akasimamisha kila kitu. Waya ule ukisogea hata kidogo, ungemvuta kinda chini ya gurudumu.

Redio ikalia. "Mama Juu, mbona umesimama?"

"Nina mtoto juu ya mkono."

Sauti ya msimamizi ikapanda: "Mtoto? Mtoto wa nani? Kapandaje?"

"Wa kipanga, bosi. Yuko kwenye waya. Siwezi kusogeza mzigo."

Nilimwona msimamizi akitoka mbio kuliko umbo lake linavyoruhusu, akiwafukuza watu wote chini ya nondo, akifunga njia, akizima mashine ya zege. Uwanja ukatulia. Kisha akaongea kwenye redio kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuijua: "Haya, mama. Hapa chini hakuna mtu. Mwache mtoto apumue."

Alikaa pale, mikono yote miwili kwenye vishikio, breki imekaza, macho kwa kinda. Mkoba wa kamera ulikuwa kando ya mguu wake. Kinda alikuwa karibu kiasi kwamba hata lenzi ya kikombe cha chai ingemjaza picha nzima. Hakuugusa mkoba.

Kinda akamtazama. Akajikung'uta. Akageuza kichwa upande, kama mtu anayemsoma mwenzake. Kutoka ukingoni mama yake akaita mara moja, sauti kavu. Kinda akafungua mabawa, upepo ukamwinua bila yeye kufanya kitu, akapiga, akapiga tena, akaondoka juu ya vichwa vyetu sote. Mafundi walipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia hata kwenye uwanja wa mpira. Msimamizi alikuwa akimkumbatia fundi wa kuchomelea. Mwalimu alisimama, kiti kikakunjika chenyewe nyuma yake. Na mzigo ukaanza kushuka taratibu, sawasawa, ukakaa chini bila kugonga.

Aliposhuka wakati wa mapumziko, watu wakamzunguka.

"Umempata?" nesi akauliza. "Alikuwa karibu hivyo!"

"Sikupiga."

"Hukupiga?"

"Mzigo ulikuwa hewani," akasema, kana kwamba ameulizwa kwa nini hakuvaa viatu kichwani.

Hakuna aliyemlaumu, lakini wapiga picha ni wapiga picha. Niliziona nyuso zikimsikitikia. Kinyozi peke yake hakusikitika. Alikuwa ameinama juu ya kamera yake, akibonyeza. Kisha akamkabidhi.

Alikuwa amemlenga kinda kutoka mbele ya duka langu. Kinda yuko pale juu ya waya, manyoya mapya yamepangika. Na nyuma yake, kupitia dirisha lililo wazi, uso wa mke wangu: kofia ngumu, mikono kwenye vishikio, amemkazia macho yule ndege kwa utulivu ninaoujua mimi, ule aliokuwa akiwatazamia watoto wetu walipojifunza kutembea, yuko tayari kudaka na hadaki.

Mke wangu aliitazama muda. "Sikujua nakaa hivi," akasema.

Maktaba ya mji iliwapa kundi ukumbi wa kusomea kwa ajili ya maonyesho. Picha za watu wote zilitundikwa, vipepeo vya Mwalimu na vyura wa nesi, lakini ukuta mrefu ulikuwa wa vipanga, na katikati yake, kubwa kuliko zote, picha ya kinyozi. Msimamizi alikuja na familia yake na mafundi wake wote, mashati yamepigwa pasi, wakitembea polepole kama walio msikitini au kanisani. Aliwaeleza wageni habari za ukingo ule kana kwamba ndiye aliyetaga. Mama mkwe wangu, ambaye miaka yote alikuwa akisema kazi ya bintiye ni ya nyani, alisimama mbele ya picha ile kubwa, akakohoa, akamwambia mwanamke asiyemjua aliyekuwa kando yake: "Huyo nimemzaa mimi. Tangu mdogo haogopi kitu."

Kijana mmoja mwenye kamera mpya alimshika kinyozi, akataka kujua lenzi ni ya milimita ngapi. Kinyozi akafungua mdomo, nami nikajua hapa tutalala. Akaufunga. Akamgeuza kijana kwa mabega, akamwelekeza kwa mke wangu. "Muulize dada pale. Atakuambia lini usipige. Hilo mimi bado najifunza."

Wakamtaka aseme neno. Hakupenda. Alisimama mbele ya watu wale, akatafuta pa kuweka mikono, akasema, "Mimi nilikuwa na dirisha tu. Ninyi ndio mlionifundisha kulifungua. Ahsanteni," akaketi. Watu wakapiga makofi mpaka mkutubi akasahau kwamba ukumbi wake una kibao cha ukimya.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Alivua viatu vya sherehe vilivyokuwa vikimbana, akavishika mkononi, akatembea peku akilalamika kwamba visigino virefu ni hatari kuliko winchi. Watoto walikuwa mbele wakigombania kitabu cha wageni alichokuwa amepewa akitunze. Lori la mafundi likatupita, na wote waliokuwa nyuma wakasimama wakapaza sauti kwa pamoja, "Mama Juu!" Akainua mkono wenye viatu akawapungia. Watu barabarani wakageuka kumtazama ni nani huyo. Mimi nikapunguza mwendo, nikabaki nyuma yake kidogo, makusudi, ili wamwone vizuri.